Mgeni Mwenye Bunduki: Hati Gani Humruhusu Kukaa Nchini?

Methali yasema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake yajulikana kwa kila mtoto wa kijijini. Mgeni hupokewa kwa heshima, hupewa maji na bukari, lakini akikaa sana lazima aingie katika taratibu za nyumba iliyompokea. Je, mgeni huyo akija na bunduki begani, na nyuma yake wenzake elfu moja, nani atampa jembe? Nani atamwambia kwamba siku zake zimekwisha? Na lori lake likimgonga mtoto njiani, nani atamhukumu, na nani atalipa?

Maswali haya si ya mawaziri na mabalozi peke yao. Watu wa Sandoa wana haki ya kuyauliza kuliko wengi. Sandoa iko kando ya mto Lulua, katika jimbo la Lualaba. Upande wa kusini, kule Kasaji, hupita reli iendayo Dilolo na Angola. Upande wa kusini-mashariki iko Kolwezi na migodi yake. Nchi yenye shaba haikosi wageni, na si wote wajao na mizani ya biashara. Mzee aliyezaliwa kabla ya mwaka 1960 ameziona zama ambazo askari wa Ubelgiji, wa Umoja wa Mataifa, wa Moroko, wa Ufaransa, wa Senegali na wa Togo walikanyaga udongo wa pande hizi za Katanga. Kila kundi lilisema limeitwa. Kila kundi lilipita. Yafaa basi baba, mama na wanafunzi waelewe ni hati gani humruhusu askari mgeni kukaa nchini, na hati hiyo humlinda nani.

Mlango na kanuni za nyumba

Msingi wa kwanza ni rahisi. Kila mtu aliye katika nchi hutii sheria ya nchi ile. Mfanya biashara wa Zambia akiiba Kolwezi, hakimu wa Kolwezi ndiye amhukumuye. Lakini askari hali yake ni nyingine. Hakuja kwa hiari yake, bali ametumwa na serikali yake. Yu chini ya amri ya afisa wake, na jeshi lake lina sheria zake na mahakama zake. Ikiwa kila polisi wa njiani aweza kumkamata, jeshi lake haliwezi kufanya kazi iliyolileta. Na ikiwa hakuna awezaye kumgusa, wenyeji hawana usalama. Kwa kuziepuka hatari hizi mbili mataifa hutia sahihi mapatano maalumu juu ya hali ya majeshi yakaayo katika nchi ya kigeni.

Wanafunzi washike vema tofauti moja. Ombi la kuwaita askari ni jambo moja: huo ndio mlango. Hati ya hali ya majeshi ni jambo la pili: hizo ndizo kanuni za nyumba. Mgeni aweza kuwa amepita mlangoni kwa halali, lakini kama hakuna kanuni za nyumba, magomvi yataanza kabla ya jua kuchwa.

Hati njema hujibu maswali yapatayo sita. Askari wataishi wapi, na wapi hawaruhusiwi kwenda? Watavaa nini na kubeba silaha gani? Je, watalipa ushuru na kodi? Akitenda kosa mmoja wao, atahukumiwa na nani? Wakiharibu mali au kuumiza mtu, nani atalipa? Na mwisho, wataondoka lini?

Mfano ujulikanao sana ni mapatano ya NATO, umoja wa majeshi wa Marekani, Kanada na nchi za Ulaya, yaliyotiwa sahihi London tarehe 19 Juni 1951. Hapo nchi hizo ziligawana kazi ya kuhukumu. Askari akikosa akiwa katika kazi aliyoamriwa, au akimkosea mwenzake wa taifa lake, nchi yake hutangulia kumhukumu. Akikosa nje ya kazi, kwa mfano akimpiga mwenyeji mlangoni pa duka la pombe, nchi mwenyeji hutangulia. Tena ziligawana kulipa. Askari wa nchi moja akiharibu mali ya mwenyeji wakati wa kazi, nchi iliyomtuma hulipa sehemu 75 katika mia, na nchi mwenyeji sehemu 25. Lililo jema zaidi ni hili: mwenye kudhurika hupeleka madai yake kwa serikali ya nchi yake mwenyewe. Halazimiki kuvuka bahari akimtafuta mdaiwa.

Mapatano hayo yalifanywa kati ya nchi zenye nguvu, kila moja ikijua kwamba leo ni mwenyeji na kesho ni mgeni. Kwetu mambo yalianza kwa namna nyingine.

Kambi ya Kamina, mwaka 1960

Baada ya Vita Kuu ya pili, Wabelgiji walijenga kambi kubwa ya jeshi na uwanja wa ndege karibu na Kamina. Uhuru ulipokaribia, palizuka swali: kambi ile na askari wake watakuwa chini ya nani? Tarehe 29 Juni 1960, siku moja kabla ya uhuru, Ubelgiji na Kongo zilitia sahihi mkataba wa urafiki mjini Léopoldville. Mkataba ulisema wazi kwamba askari wa Ubelgiji waliomo katika kambi za Kongo hawataingilia kati ila kwa ombi la Waziri wa Ulinzi wa Kongo. Na Waziri wa Ulinzi alikuwa Patrice Lumumba, aliyekuwa pia Waziri Mkuu.

Wino ulikuwa haujakauka vema. Tarehe 5 Julai askari wa Kongo waliasi maafisa wao Wabelgiji. Hofu ikaenea, na Wazungu wengi wakakimbia. Tarehe 10 Julai askari wa Ubelgiji waliingia Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Ubelgiji ilisema inaokoa maisha ya watu wake. Moïse Tshombe, rais wa jimbo la Katanga, aliwataka waje. Lakini mkataba ulimtaja waziri, haukumtaja rais wa jimbo. Naye waziri hakuwaita. Tena mkataba wenyewe ulikuwa haujathibitishwa na mabunge ya nchi hizo mbili, wala haukuthibitishwa baadaye. Kesho yake, tarehe 11 Julai, Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga.

Tazameni jinsi neno moja la hati lilivyokuwa zito. Kama ombi la waziri lingalingojewa, huenda mambo yangaliongozwa kwa shauri. Lilipoachwa, kila upande ulimwona mwenzake kuwa mvunja ahadi, na ugomvi ukapelekwa mbele ya ulimwengu mzima.

Askari wa kofia za buluu

Rais Kasavubu na Lumumba waliuomba Umoja wa Mataifa msaada. Tarehe 14 Julai 1960 Baraza la Usalama liliamua kutuma majeshi, na kuitaka Ubelgiji iondoe yake. Kesho yake askari wa kwanza wakaanza kufika. Idadi yao ilikuja kukaribia 20,000, kutoka nchi nyingi za Afrika, Asia na Ulaya.

Mlango ulikuwa wazi, lakini kanuni za nyumba hazikuwa tayari. Mwisho wa Julai 1960 Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld na serikali ya Kongo walikubaliana misingi michache tu: Kongo itaheshimu uhuru wa majeshi hayo kwenda popote kazi yao iwapelekapo, na Umoja wa Mataifa utatumika kwa kufuata maamuzi ya Baraza. Hati kamili ilitiwa sahihi New York tarehe 27 Novemba 1961. Ilikuwa imepita miezi 16. Hammarskjöld mwenyewe alikuwa amekwisha kufa, ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba. Katika muda huo damu ilikuwa imemwagika Élisabethville, na nyumba zilikuwa zimebomolewa. Mapigano mengine yakafuata. Januari 1963 kujitenga kwa Katanga kulikoma, na tarehe 21 ya mwezi huo askari wa Umoja wa Mataifa wakaingia Kolwezi. Kikosi cha mwisho kiliondoka Kongo tarehe 30 Juni 1964.

Sasa nani alilipa hasara? Raia wa Ubelgiji walipeleka madai yapatayo 1,400 juu ya watu na mali. Serikali yao iliyakusanya na kuyatetea. Umoja wa Mataifa uliyachunguza, ukakubali 581, na tarehe 20 Februari 1965 Katibu Mkuu U Thant alipatana na Waziri Paul-Henri Spaak kwamba italipwa jumla ya dola milioni 1 na nusu. Umoja wa Mataifa ulisema kwamba haulipi hasara iliyotokana na mapigano yenyewe au na lazima ya kivita, bali madhara ambayo askari wake waliyafanya pasipo haki.

Fundisho lake ni wazi. Waliolipwa walikuwa na karatasi: jina, tarehe, mahali, hesabu ya kitu kilichopotea. Tena walikuwa na serikali iliyobisha hodi kwa ajili yao. Wahenga walisema kweli: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Vita viwili vya Shaba

Tarehe 8 Machi 1977 wapiganaji wa FNLC, ambao wengi wao walitokana na askari wa zamani wa Katanga, walivuka mpaka kutoka Angola. Katika majuma machache walishika Dilolo, Kapanga, Kasaji, Sandoa na Mutshatsha. Rais Mobutu aliomba msaada. Mfalme Hassan II wa Moroko alituma askari wapatao 1,500, nazo ndege za Ufaransa zikawachukua. Mwezi wa Mei waasi walirudi Angola, na Wamoroko wakaenda zao.

Mwaka uliofuata waasi walirudi kwa njia nyingine. Tarehe 13 Mei 1978 waliingia Kolwezi. Wenyeji wengi na Wazungu wengi waliuawa mjini humo. Tarehe 19 Mei askari wa miavuli wa Ufaransa walishuka kutoka angani, na kesho yake wakafika Wabelgiji. Baada yao kilikuja kikosi cha nchi za Afrika, wengi wao Wamoroko, pamoja na Wasenegali, Watogo na wengineo. Kilikaa hadi katikati ya mwaka 1979.

Je, askari hao walikuja kwa hati gani? Mwaka 1974 Zaire na Ufaransa zilikuwa zimetia sahihi mapatano ya msaada wa ufundi wa kijeshi. Mapatano ya namna hiyo huhusu mafunzo na vifaa: waalimu wa askari, magari, ndege. Kumleta mwalimu ni jambo moja, kumleta mpiganaji ni jingine. Kilichowaleta wapiganaji mwaka 1977 na 1978 kilikuwa ombi la mkuu wa nchi. Ombi hilo mbele ya sheria ya mataifa ni mlango halali, na watu wengi wa Kolwezi waliookolewa hawakuuliza karatasi. Mtu anayezama mtoni hamwombi mwokozi wake barua.

Lakini hatari ikiisha kupita, maswali hurudi. Shamba la mihogo lililokanyagwa na magari ya jeshi lilikuwa la nani? Mtu aliyepigwa risasi kwa kudhaniwa kuwa mwasi, jamaa zake wampelekee nani shauri? Msaada wa haraka huokoa maisha. Lakini hati iliyoandikwa wakati wa amani ndiyo humjulisha mjane mlango wa kubisha.

Ruhusa ikiondolewa

Twende sasa mashariki ya nchi, ambako swali la mlango lilifika mbele ya mahakimu wa dunia. Askari wa Uganda waliingia Kongo kwa idhini ya Rais Laurent-Désiré Kabila, na tarehe 27 Aprili 1998 serikali hizo mbili zilitia sahihi itifaki ya kulinda usalama wa mpaka wao wa pamoja. Miezi michache baadaye urafiki ulivunjika. Askari wa Uganda hawakutoka, bali walisonga mbele, na baadaye waliitawala Ituri kwa nguvu. Mwaka 1999 Kongo iliishitaki Uganda katika Mahakama ya Haki ya Kimataifa, mjini The Hague.

Uganda ilijitetea kwamba ilikuwa imeruhusiwa. Tarehe 19 Desemba 2005 mahakama ilitoa hukumu. Ilisema kwamba idhini ile haikuwa ya milele wala haikuwa ya kila kitu. Ilikuwa ya kushirikiana mpakani. Mwenye nyumba aweza kuiondoa ruhusa yake bila sherehe yoyote wala mhuri wa namna ya pekee. Na Kongo ilikuwa imeiondoa isipite tarehe 8 Agosti 1998. Aliyebaki baada ya siku hiyo hakuwa mgeni tena.

Tarehe 9 Februari 2022 mahakama ilikata malipo: dola milioni 325. Katika hizo, milioni 225 ni kwa ajili ya watu waliokufa na kuumizwa, milioni 40 kwa mali zilizoharibiwa, na milioni 60 kwa utajiri wa nchi uliochukuliwa. Zilipangwa kulipwa kwa mafungu matano ya milioni 65, moja kila mwaka, tangu 2022 hata 2026. Uganda ililipa fungu la kwanza mwaka 2022. Kesi hiyo ilichukua zaidi ya miaka 22. Mtoto aliyezaliwa siku ya kushitaki alikuwa mtu mzima siku ya kukatwa malipo.

Linganisheni na habari nyingine. Tarehe 8 Septemba 2022, mjini Kinshasa, Kongo na Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitia sahihi hati ya hali ya kikosi cha jumuiya hiyo kabla ya askari wake kuenea Kivu ya Kaskazini mwezi wa Novemba. Kikosi kilipewa muda maalumu. Serikali ya Kongo haikuridhika na kazi yake, maana iliwataka wapigane na waasi wa M23. Muda ulipokwisha Desemba 2023 haukuongezwa, na askari wakaondoka bila vita baina ya mgeni na mwenyeji. Vita vya M23 havikuisha kwa sababu hiyo, maana hati si dawa ya kila ugonjwa. Lakini angalau kwa habari ya kikosi hiki kila mtu alijua tarehe.

Nani humhukumu askari?

Umoja wa Mataifa nao ulijifunza kwa mambo ya 1960. Ulipotuma tena majeshi Kongo, Baraza la Usalama, katika uamuzi wa tarehe 24 Februari 2000, liliagiza hati ya hali ya majeshi ifanywe katika siku 30, na kwamba kabla ya hapo itumike hati ya mfano ya mwaka 1990. Hati ya Kongo ilitiwa sahihi tarehe 4 Mei 2000. Si miezi 16 tena.

Kwa kufuata hati ya mfano, askari wa Umoja wa Mataifa akitenda jinai, nchi iliyomtuma ndiyo pekee yenye haki ya kumhukumu. Hapa ndipo wananchi wengi hukwazwa, nasi tuseme wazi sababu ya pande zote mbili. Nchi zinazotoa askari husema: tusipohakikishiwa jambo hili, hatutatuma watoto wetu katika nchi ambayo mahakama zake zimevunjwa na vita. Naye mwananchi husema: aliyeniumiza akipanda ndege na kwenda kwao, nitaionaje haki yangu?

Tarehe 31 Julai 2022, kule Kasindi, mpakani mwa Uganda, askari wa Umoja wa Mataifa waliokuwa wakirudi kutoka likizo walifyatua risasi. Watu waliuawa na wengine wakajeruhiwa. Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba wahusika wamekamatwa, na kwamba nchi yao imearifiwa ili washitakiwe huko. Ndivyo hati isemavyo. Lakini mama wa Kasindi aliyepoteza mwana, atasafirije kwenda kusikiliza kesi katika nchi ya mbali? Nani atamletea habari ya hukumu? Hati ikimpeleka mshitakiwa mbali, basi haki yadai kwamba hukumu irudishwe karibu, isomwe mahali palipotendwa kosa.

Kenya wameliona swali lilo hilo kwa upande wa pili. Jeshi la Uingereza hufanya mazoezi karibu na Nanyuki kwa mapatano kati ya serikali hizo mbili. Mwaka 2012 msichana mmoja mama aliuawa katika mji huo, na mwaka 2019 uchunguzi wa mahakama ya Kenya ulisema kwamba aliuawa na askari wa Uingereza. Mapatano mapya yalipofika mbele ya Bunge la Kenya, wabunge walidai kwamba askari auaye aweze kuhukumiwa Kenya. Septemba 2025 mahakama ya Nairobi ilitoa amri ya kumkamata mtu mmoja raia wa Uingereza kwa mauaji hayo. Miaka 13 ilikuwa imepita. Hata hivyo amri hiyo isingaliwezekana kama ndugu wa marehemu wangalichoka, na kama wabunge wangalitia sahihi bila kusoma.

Nani hulipa, na kwa muda gani?

Juu ya malipo, kila jamaa na ijue jambo hili, maana wengi wamepoteza haki yao kwa kutolijua. Tarehe 26 Juni 1998 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliweka mipaka ya fidia zinazodaiwa majeshi yake ya amani. Madai yapelekwe katika miezi sita tangu siku ya madhara, au tangu siku yalipogunduliwa. Kwa mtu aliyeumia au kufa, malipo hayazidi dola 50,000. Hulipwa gharama za matibabu, riziki iliyopotea na mfano wake. Uchungu wa moyo haulipwi. Wala hailipwi hasara iliyotoka katika lazima ya kivita.

Miezi sita ni muda mfupi. Ni msimu mmoja wa mahindi. Jamaa iliyo katika matanga, inayongoja wazee wakutane na nauli ipatikane, yaweza kuupitisha pasipo kujua. Hati ya mfano husema iwepo tume ya kudumu ya kuamua madai, ambamo nchi mwenyeji ina mjumbe wake. Lakini tume ya namna hiyo haijapata kuundwa mahali popote. Kwa hiyo aliyedhurika hupeleka madai yake mbele ya ofisi ya yule yule anayemdai. Hilo ni pungufu kubwa, na serikali zetu zingefaa kulisimamia kila hati mpya inapoandikwa.

Wenye mabinti na wajue pia kwamba Oktoba 2003 Katibu Mkuu Kofi Annan alitoa kanuni inayowakataza watu wa Umoja wa Mataifa kununua mwili wa mtu kwa fedha, kazi au chakula, na kumgusa kwa tamaa yeyote aliye chini ya miaka 18, hata kama sheria ya nchi ingeruhusu. Mzazi anayepeleka habari ya kosa kama hilo hamdhulumu mgeni. Anaisimamia kanuni ambayo mgeni mwenyewe ameapa kuitii.

Wajibu wetu

Leo Sandoa hakuna kambi ya askari wa kigeni. Ndiyo sababu huu ni wakati mwema wa kujifunza, maana paa hutengenezwa wakati wa kiangazi.

Kwanza, baba na mama, likitokea jambo mahali popote mlipo, andikeni. Andikeni siku na saa, mahali, namba ya gari, rangi ya kofia, bendera iliyoshonwa begani, na majina ya walioona. Ombeni karatasi ya mganga hospitalini, na karatasi ya chifu au ya polisi. Asiyejua kuandika na amwendee mwalimu, katekista, au Tume ya Haki na Amani ya parokia. Wekeni nakala ya barua. Msingoje mwezi wa saba.

Pili, msilipize kisasi. Jiwe likirushwa, shauri hugeuka: jana mlikuwa wadai, leo mmekuwa washitakiwa.

Tatu, waulizeni wabunge wenu. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika sehemu ya 214, yasema kwamba mikataba ya amani, ile ya kumaliza magomvi ya mataifa, na ile inayogusa fedha za nchi haithibitishwi ila kwa sheria. Maana yake ni kwamba wawakilishi wa watu wana haki ya kuisoma. Mbunge akipita Sandoa kuomba kura, aulizwe: askari fulani wakija, atawahukumu nani? Nani atalipa? Wataondoka lini? Asiyeweza kujibu maneno hayo matatu hajaisoma hati.

Nanyi wanafunzi, ambao kesho mtakuwa waandishi, mahakimu na maafisa, kumbukeni Kamina. Hati ya mwaka 1960 ilikuwa na neno jema, ila halikuthibitishwa na halikuheshimiwa, na nchi nzima ilionja matokeo yake. Neno jema lisilolindwa ni kama uzio wa majani mbele ya tembo. Atakayeandika hati nyingine siku zijazo huenda ameketi leo katika darasa mojawapo la Lualaba. Naye aiandike akimkumbuka mama wa kijijini, ambaye hatauona mkutano wa mabalozi, lakini lori la askari litapita mbele ya mlango wake.

Wahenga wetu walisema pia: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ikiwa ujio wa mgeni mwenye bunduki haumponyi mwenyeji, mwenyeji ana haki ya kuifungua hati, kumwonyesha tarehe iliyoandikwa, na kumwaga kwa amani.